Tupeane uzoefu: barabara, daraja au kivuko cha kulipia kilikukuta wapi, na kilikuachaje?

Ngosha wa Buhongwa

Wakuu, habari za jioni.

Jumapili nilikuwa natoka Geita na familia. Tunakaribia Busisi, mwanangu wa miaka sita amelala, nikamwambia mama yake amwamshe aone daraja letu la Ziwa Victoria. Mtoto anafikicha macho, anauliza liko wapi, tayari tumeshatokea Kigongo. Kilomita tatu za maji zimekwisha hivyo. Nikaegesha pembeni, nikashuka, nikabaki nimesimama naangalia ziwa. Mliovuka pale kwa kivuko, kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025, mnajua nilichokuwa nakiangalia.

Kilichonileta hapa ni mjadala niliousikia redioni njiani, wa barabara za ubia. Mwekezaji anakuja na mtaji wake na mkopo wake, anajenga, anaweka geti, sisi tunalipa miaka na miaka mpaka mtaji na faida virudi, halafu barabara inabaki ya serikali. Ile ya haraka ya Kibaha mpaka Chalinze, kilomita karibu 79, ndiyo inatajwa sana. Daraja letu limejengwa kwa fedha za serikali, zaidi ya shilingi bilioni 700, na ukipita hukuti dirisha la kulipia. Nikawaza: lingejengwa na mwenye hela zake, mimi na Probox yangu ningelipa ngapi kila wiki? Na mama mwenye matenga ya nyanya angelipa ngapi bila kujua, ndani ya nauli?

Siasa wekeni pembeni. Aliyewahi kulipia aseme palimpunguzia nini na palimkamua nini.

Mkia wa Sato

Mahindi ya kuchoma ya Kigongo na mayai ya kuchemsha yenye kachumbari! Umenirudisha mbali, mkuu.

Kijana wa Kibada

Mimi nilikaa Kigamboni kabla ya kurudi huku Nyakato. Daraja la kule lilifunguliwa Aprili 2016, NSSF walitoa asilimia 60 ya gharama na serikali 40, na tozo zikaanza muda mfupi baadaye. Nilikuwa naendesha bajaji.

Niseme ukweli wote, maana watu husema nusu. Daraja lilinisaidia. Kabla yake ilikuwa pantoni au kuzunguka Kongowe, na pantoni asubuhi unaweza kusimama mpaka bosi apige simu mara tatu. Ila hesabu yangu ya siku ilibadilika. Abiria akishukia Kurasini, kurudi mtupu ni hasara, kwa hiyo unasubiri upande ule mpaka upate mtu wa kurudi naye. Unakaa saa nzima juani unalinda hela ya geti. Abiria naye akisikia bei anakwambia "si hapo tu ng'ambo?" Ni hapo tu kweli, lakini katikati kuna dirisha.

Watu walilalamika miaka. Mwaka 2022 tozo zikapunguzwa, na pakawekwa utaratibu wa kulipia kwa siku, wiki au mwezi. Mimi nilikuwa nimeshauza bajaji.

Fundi Nondo

Mfano wako hauhusu. NSSF siyo mtu binafsi, ni mfuko wa wafanyakazi. Mleta mada kauliza sekta binafsi.

Kijana wa Kibada

Dirishani hawakuniuliza hela inakwenda kwa nani, kaka. Walinipa risiti.

Fundi Nondo

Na mimi nakatwa NSSF kila mwezi. Hela yangu ilijenga lile daraja, kwa hiyo lazima irudi na faida nitakapostaafu. Ukipunguziwa tozo wewe wa bajaji, fahamu kuna mzee mmoja mahali anapunguziwa pensheni. Hakuna daraja la bure duniani, kuna daraja ambalo hujaona nani kalipa.

Mama wa Mwaloni

Fundi punguza ukali, mwanangu, tunapeana uzoefu hapa.

Mimi nafanya dagaa na kayabo, nimesafiri sana Nairobi kupitia Sirari. Ile Expressway yao ni kilomita 27, Mlolongo mpaka Westlands. Kampuni ya Kichina imejenga kwa hela yake na itakusanya miaka 27. Mwenyeji wangu ana gari dogo, siku moja alinipitisha juu. Kwa kweli ni raha, unaelea. Nikachungulia chini nikaona matatu zimeganda kwenye foleni ya Mombasa Road, na siku zote mimi ndimo huwa nimo, na magunia yangu.

Yule bwana alianza kwa kulipa shilingi 360 za kwao mwanzo mpaka mwisho. Januari 2024 ikafika 500. Sababu aliyonieleza ni kwamba shilingi yao ilianguka mbele ya dola. Sasa hapo ndipo mimi mfanyabiashara ninapoogopa. Mkopo umechukuliwa kwa dola, sisi tunauza dagaa kwa shilingi. Dola ikipanda, geti linapanda, na ndoo ya dagaa haipandi kwa sababu hiyo.

Ila Wakenya wanayo moja nzuri: ile ya chini ipo, na ni bure. Imechoka na wakati wa ujenzi ilichimbuliwa vibaya, lakini ipo.

Binti wa Buchosa

Nimesoma tangu mwanzo nikasema sitaandika. Neno Kigongo limenizidi nguvu.

Mwaka 2014 tulikuwa tunampeleka baba kumzika kijijini. Tulimtoa chumba cha maiti saa saba mchana, gari tulilokodi likapata hitilafu njiani, tukafika Kigongo saa mbili usiku. Tukakuta malori yamepangana kutoka getini mpaka huku juu kwenye maduka. Upepo ulikuwa umechafuka na magugu maji yamesukumwa yakajaa gatini, kivuko kimoja kilichokuwa kinafanya kazi kikasimama. Tukaambiwa tusubiri. Mpaka lini? Hakuna aliyejua.

Joto la Kigongo mnalijua, hata usiku. Shangazi alikaa ndani ya gari pembeni ya jeneza anapepea kwa khanga, kana kwamba baba anasikia joto. Ilipofika saa nne tulianza kuona kwamba hali siyo nzuri. Hakuna aliyetamka, lakini kaka yangu alishuka akaenda mbali akawa analia peke yake.

Mbele yetu kulikuwa na Fuso la sangara, lina turubai la bluu, linarudi na shehena. Dereva wake alikuwa mtu mzima, mfupi. Alimwona kaka, akamuuliza, akaja mpaka kwenye gari, akavua kofia. Hakusema kitu. Akamwamsha tandiboi wake wakapanda juu, wakaanza kupasua barafu ya samaki. Walituletea kwenye mifuko ya salfeti, mifuko sita. Tukaipanga kuzunguka jeneza, tukatandika blanketi juu yake. Maji yakawa yanachuruzika chini ya gari usiku kucha, yana harufu ya samaki. Kaka alitaka kumlipa, akakataa, akasema samaki ni wa mwenye gari, nitamweleza mwenyewe.

Saa sita akaja kijana wa mtumbwi wa injini, anataka laki moja na nusu atuvushe na jeneza. Wajomba wakagawanyika, nusu wanataka, nusu wanasema mawimbi haya tutazika wengi. Mimi ndiye nilikuwa nashika hela za msiba. Baada ya hospitali, jeneza na gari, nilikuwa nimebaki na elfu kumi na mbili, na nauli za watu wa kurudi bado. Tulivuka saa kumi na moja alfajiri. Waliochimba kaburi walikuwa wamelala palepale kwenye udongo, na chakula cha watu mia kilikuwa kimechacha.

Kwa hiyo mkisema kulipia daraja ni kunyonywa, mimi siwezi kusema hivyo. Usiku ule angetokea mtu ana daraja lake, akataka elfu hamsini, ningekopa pale pale foleni nzima. Na hicho hicho ndicho kinachonitisha. Mtu mwenye maiti, au mwenye mgonjwa, hawezi kupatana bei. Mwenye geti anajua.

Mkia wa Sato

Nimeacha kula. Pole sana dada.

Ngosha wa Buhongwa

Pole sana, dada yangu. Mungu amrehemu mzee wetu.

Nyakahoja Juu

Huyo dereva mlimpata jina? Watu kama hao ni wa kutafutwa.

Binti wa Buchosa

Hatukuuliza. Asubuhi sisi tulipewa nafasi ya mbele, yeye akabaki foleni.

Dereva Mstaafu

Barafu ikipungua sangara wanalegea matumbo, kiwandani wanakataa au wanashusha daraja la ubora. Mifuko sita ni mingi. Alikatwa huyo, hakika.

Fundi Nondo

Hadithi inauma, lakini mnaona? Dada mwenyewe anasema angelipa. Hiyo ndiyo hoja yangu. Serikali ingeruhusu mwekezaji miaka ya tisini, mzee angevuka kwa dakika tano. Tumesubiri fedha za umma miaka mingapi?

Mwalimu wa Mkolani

Fundi, usiuchukue msiba wa mtu ukaufanya tangazo la mwekezaji. Amesema mambo mawili, wewe umesikia moja.

Nikupe kisa cha mbali kidogo, nilikifundisha darasani. California, Marekani, mwaka 1995 kampuni binafsi ilifungua njia za kulipia katikati ya barabara namba 91. Foleni ikapungua kwa wanaolipa. Baadaye njia za bure za pembeni zikajaa mno, watu wakataka zipanuliwe. Mkataba ukatolewa kabatini: una kifungu kinachozuia serikali kuboresha njia za jirani, kwa sababu zikiboreka wateja wa kampuni watapungua. Yaani foleni ya wasiolipa ndiyo ilikuwa biashara ya kampuni. Mwaka 2003 mamlaka ya usafiri ya kaunti ikabidi inunue zile njia kwa dola milioni 207.5 ili iwe huru kutengeneza barabara zake yenyewe.

Kwa hiyo mimi siogopi geti. Naogopa kurasa za mkataba ambazo sisi hatuzisomi. Je, barabara ya bure pembeni itatunzwa au itaachwa ife? Magari yakiwa machache kuliko walivyotabiri, hasara ni ya mwekezaji au serikali imeahidi kufidia? Tozo inapandishwa na nani, kwa kanuni gani? Hayo matatu ukinijibu, nitalipa bila kinyongo.

Fundi Nondo

Sawa mwalimu, kifungu hicho ni kibaya, nakubali. Dada samahani kama nimekukwaza. Lakini kila lita ya mafuta tayari ina tozo ya barabara, mwaka 2021 wakaongeza shilingi mia kwa ajili ya barabara za vijijini. Tunalipa geti kwenye sheli bila kujua, hata ambaye lori lake halijawahi kuiona lami.

Nyakahoja Juu

Basi wakiweka geti watupunguzie kwenye mafuta. Siyo kulipa huku na huku.

Bodaboda Usagara

Ushauri wangu: barabara ya kulipia ikija, pita ya zamani mpaka ichakae, halafu uhamie.

Mama wa Mwaloni

Usimsikilize huyo. Ya zamani ukipita na mzigo mbichi, tenga la mwisho unamwaga. Piga hesabu ya mzigo: dagaa mkavu pita ya bure, samaki wa barafu lipia. Na risiti weka, mwenye mzigo akubali kugawana.

Dereva Mstaafu

Mimi nasema malori msiyasahau. Geti likiwa ghali, lori linakwepa linaingia vijijini. Nilishafanya hivyo kwenye nchi za watu, usiku, tani thelathini juu ya barabara ya udongo mbele ya shule. Tajiri alikuwa hanipi hela ya geti, ananipa "posho ya njia", ukiibakiza ni yako. Madereva wote tulipita huko. Mvua ya kwanza barabara ya kile kijiji ikafa, na sijui nani aliitengeneza.

Ngosha wa Buhongwa

Hii sijawahi kuifikiria, mzee wangu. Ahsante. Watu wa Ukerewe mpo? Nyie wa Kisorya na Rugezi bado mnapanda kivuko mpaka leo, semeni.

Mwana Nansio

Tupo. Kwetu hata huyo mwekezaji akija na geti lake, watu watampokea kwa ngoma. Foleni ndiyo tozo yetu. Lakini nimesoma ya mwalimu, nimeipigia picha, nitamwonyesha diwani.

Binti wa Buchosa

Dereva Mstaafu, shikamoo. Samahani nakuuliza hapa mbele za watu. Umezungumza ya barafu kama mtu aliyeifanya kazi ya sangara. Mwaka 2014 ulikuwa barabara ile?

Dereva Mstaafu

Marahaba, binti yangu. Nilikuwa naipita, mara mbili kwa wiki. Lakini siyo mimi, turubai langu lilikuwa la kijani. Wenye mabluu wakati ule walikuwa wachache, na wengine bado wanashinda pale Mwaloni asubuhi wanakunywa kahawa. Jumamosi nitakwenda kuwauliza.