Tupeane uzoefu: mgeni kazini, umeitumiaje akili mnemba kama kocha?

Wakuu, habari za majukumu. Walioajiriwa juzi juzi, njooni tuambizane ukweli.

Naanza mimi. Nina miezi minane kwenye uhasibu, kampuni ya usafirishaji hapa Dar. Bosi ni mwema ila ana haraka, kwa hiyo maswali yangu nilikuwa nalala nayo. Nikaanza kuyapeleka kwenye akili mnemba. Mwanzoni nilikuwa naomba majibu, nanakili, kesho yake nimesahau. Siku hizi naanza hivi: "Usinipe jibu. Niulize mpaka nifike mwenyewe." Nikilinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, inanihoji: hundi ipi umeiandika na bado haijafika benki? Makato gani benki imekata nawe hujayaingiza? Mwezi uliopita nilifunga hesabu bila kumwita mtu.

Ila iliniponza. Mishahara ilikuwa milioni 40, ikaniambia SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri, ni asilimia 4, nikaandika 1,600,000. Kumbe Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5, yaani 1,400,000. Mama mmoja wa kitengo cha malipo ndiye aliyeliona kosa kabla halijatoka, akakaa nami akanionesha kiwango kilipobadilika. Sasa viwango nachukua TRA tu, mamlaka ya mapato yenyewe.

Muuguzi, Mombasa:
Mimi niko mwaka wa kwanza kazini. Kilichonitesa ni kukabidhi zamu asubuhi mbele ya wakubwa, sauti ilikuwa ikinikauka. Nikawa nafanya mazoezi usiku, naiambia iwe sista mkali. Nampa mgonjwa wa kubuni: mama wa siku ya pili baada ya upasuaji, presha 150 kwa 95, mkojo kidogo. Ikanikatiza: "Presha ya jana usiku ilikuwaje, na umemwarifu nani?" Alhamisi wodini nikaulizwa swali hilo hilo, nikajibu. Jina la mgonjwa wala namba ya faili siingizi kamwe. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 ipo, na hata isingekuwepo, yule mgonjwa ameniamini mimi.

Msimamizi, Arusha:
Nina vijana wanne chini yangu. Barua zao zimenyooka, lakini zinafanana kama sare za shule. Wiki jana nilimwomba mmoja anieleze aya ya pili ya barua yake mwenyewe. Akanyamaza. Sikumgombeza, niliumia tu, maana zile rasimu zake mbovu za mwaka jana ndizo zilikuwa zikinionesha anapokwama. Sasa nawaambia: andika kwanza mwenyewe, ndipo mashine ikukosoe, uniletee zote mbili.

Mleta mada:
Mkuu, hilo la rasimu mbili naanza nalo Jumatatu. Dada wa Mombasa, unaiandikia nini hadi iwe kali? Yangu inanisifia hata nikikosea.

Muuguzi, Mombasa:
Naiandikia: "Wewe ni sista wa zamu, umechoka, huna muda. Usinisifu. Nikiruka kitu, nikatize hapo hapo." Ikisahau ikaanza kusifu, naibandikia tena.