Mdogo wangu daktari yuko Marekani kwa viza ya J-1 (ya mafunzo), makazi ya kudumu anapataje?

Habari zenu, nipo Tanga, Ngamiani. Mdogo wangu anasomea ubingwa Marekani, kaambiwa akimaliza lazima kwanza akae nyumbani miaka 2 ndo aombe grini kadi. Yeye anataka abaki, mama analia arudi. Kuna njia?

mwanapangani: Pole ndugu yangu. Hiyo miaka 2 ni kweli, hata akioa raia wa kule bado inamkamata. Ila kuna msamaha unaitwa Conrad 30, kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka, anaenda kufanya kazi miaka 3 sehemu zenye uhaba wa madaktari, mara nyingi vijijini huko, sasa awe na mkataba wa kazi kabla hajaomba kwahiyo aanze kutafuta mapema sana asingoje amalize.

da_mwana: Wanaoingia na H-1B (viza ya kazi) hawana hicho kifungo cha miaka 2, ila lazima wafaulu Step 3 kwanza, yaani mtihani wa mwisho wa leseni ya udaktari wa kule. Ila yeye keshaingia na J-1.

muulizaji: Ahsanteni mno. Kwahiyo hata akipata bahati nasibu ya grini kadi, bado inamkamata?

mwanapangani: Bado inamkamata, mpaka msamaha utoke na amalize ile miaka 3 ya kazi. Na mama mwambieni ukweli sasa hivi jamani, asije akasikia mtaani.