Usaidizi wa mtandaoni: mteja wa Upwork au kampuni ndogo ya safari ya Arusha, nichukue ipi?

BintiRau
Habari za jioni wakuu, naomba mawazo yenu maana mpaka kesho kutwa natakiwa niwe nimejibu watu wawili. Nipo Moshi, Rau, nina mwaka na nusu nafanya kazi za usaidizi wa mtandaoni, yaani najibu barua pepe za watu, napanga kalenda, natengeneza posti kwa Canva, nakumbushia wanaodaiwa na mambo kama hayo. Nilianza na dada mmoja anauza nguo soko la Memorial, yeye namshikia WhatsApp tu, ananipa elfu themanini kwa mwezi na bado ninaye.

Sasa zimekuja ofa mbili ndani ya wiki moja. Ya kwanza kampuni ndogo ya safari iko Arusha, mwenyewe ni baba mmoja ana gari tatu na anapandisha watu mlima pia, anataka nishike barua pepe, WhatsApp na ratiba za wageni, laki tatu na nusu kwa mwezi, muda wa kazi hajasema, kasema tu "uwe hewani". Ya pili ni mama mmoja yuko New York anauza sabuni na mishumaa mtandaoni, tumekutana Upwork, ile tovuti ya kutafutia kazi za mtandaoni, dola 5 kwa saa, masaa 20 kwa wiki. Hela ya mama naiona ni kubwa, ila baba wa Arusha naweza hata kupanda basi nikamuona ofisini kwake, na kazi ya wageni naipenda kweli toka moyoni. Mngekuwa nyie mngechukua ipi? Au zote?

kaka_njiro
Dada kabla ya moyo tupige hesabu kwanza. Dola 5 mara masaa 20 ni dola 100 kwa wiki, Upwork wakikata ada yao tuseme asilimia 10 unabaki na 90, wiki nne ni 360, tukichukulia dola ni 2,500 hapo una laki tisa na umefanya masaa 80 tu. Sasa hiyo "uwe hewani" ya kampuni za safari mi nimeifanya, inaanza saa 2 asubuhi inaisha ukilala, lakini hata tukimhurumia tukasema masaa 8 kwa siku 26 ni masaa 208, gawanya laki tatu na nusu unapata kama 1,680 kwa saa. Kule ni 11,250. Hizo sio bei za kulinganisha.

Halafu Upwork kwenye kazi ya saa kuna ile programu yao ya kuhesabu muda, inapiga picha ya skrini yako mara sita kwa saa, wengine wanaichukia ila mimi imeniokoa, mteja aliwahi kusema sijafanya kitu na ushahidi ulikuwepo wote. Wiki inafungwa Jumapili, hela unakuja kuishika kama siku kumi baadaye. Akikwambia mhamie Telegram akulipe pembeni kata mawasiliano, ni kinyume na masharti yao na wengi wamepigwa hapo hapo.

MamaSakina
Hesabu ya kaka ni sawa ila usiku hajauweka. New York wako nyuma yetu masaa 7 kipindi hiki, mwezi wa 11 wakirudisha saa zao nyuma yanakuwa 8. Akifungua kazi saa 3 asubuhi kwake kwako ni saa 10 jioni, akifunga saa 11 jioni wewe uko saa 6 usiku, na Novemba inakuwa saa 7. Mimi nilifanya hivyo miezi minane nikiwa na mtoto mdogo, hela ilikuwa nzuri siwezi kudanganya, ila nilikuwa nalala mchana kama mgonjwa na mtoto anakuja kunifungua macho na vidole.

Kwa hiyo mwanangu usimuulize bei, bei ameshataja. Muulize kati ya hayo masaa 20 ni mangapi lazima muwe hewani pamoja. Wa kwangu wa sasa tunaonana nusu saa tu kwa siku, saa 11 jioni, nyingine zote nafanya asubuhi watoto wakiwa shule, yeye akiamka anakuta kazi imeshalala mezani. Mteja wa aina hiyo akiwa New York ni sawa tu na akiwa Kijenge hapo Arusha. Na uwe na laini mbili za mitandao tofauti, umeme ukikatika waifai ya nyumbani inakufa nao.

Lemosho_boy
Mi nasimama na baba wa Arusha na nitasema kwa nini. Kwa mteja wa nje mara nyingi unapewa kipande, jibu hizi meseji, jaza hili jedwali, basi. Kwenye biashara ndogo ya hapa unaona kitu kizima, mgeni anauliza bei, unaandaa ratiba, analipa advansi, unabuku hoteli, unalipia viingilio vya hifadhi, unapanga dereva, mgeni anarudi kwao unamwomba aandike maoni. Nilifanya miaka miwili kwa mtu mwenye gari mbili na leo nina wateja wanne wa safari, wawili wako Ujerumani wenyewe, walinichukua kwa sababu najua tofauti ya njia za mlima za Machame na Marangu bila kuuliza mtu.

Ila kazi yenyewe inataka umakini. Mwaka wangu wa kwanza wageni wawili, mtu na mkewe, waliandika wanatua uwanja wa ndege wa KIA 01:00 tarehe 14. Mimi nikamtumia dereva meseji "saa 1 usiku tarehe 14". Dereva kaenda saa 1 usiku kama nilivyomwandikia, wageni walishatua toka saa 7 usiku wa kuamkia hiyo tarehe 14, wametoka nje hakuna hata mtu ameshika karatasi lenye jina lao, wakachukua teksi wakaenda hoteli wenyewe. Bosi aliwarudishia hela ya usafiri na hakunifokea, alikaa kimya tu, ile kimya bado naikumbuka. Toka siku hiyo kila ratiba naandika mara mbili, saa 7 usiku (01:00), usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, na dereva lazima anirudishie kwa maneno yake alivyoelewa. Somo kama hilo Upwork hulipati.

kaka_njiro
Lemosho_boy nakuelewa mkuu lakini mwambie na habari ya Aprili. Masika ikiingia kambi nyingi zinafunga, wageni wanapungua, na hawa wenye gari tatu wa kwanza kukatwa ni msaidizi. Mimi Aprili na Mei niliambiwa "tupumzike kidogo" na mshahara ukapumzika nao, wakati kodi ya nyumba iko pale pale.

Lemosho_boy
Hilo kweli kaka, sibishi. Ndo maana sasa hivi naandikishana mwaka mzima, msimu wa juu kuanzia Juni mpaka Oktoba kiwango kamili, Aprili na Mei nusu, ila ile miezi isiyo na wageni ndo natengeneza picha, bei mpya na kusafisha tovuti. Bosi mwenye akili anaona faida.

BintiRau
Asanteni sana jamani, mama shikamoo, nimeyashika yote. Swali lingine, baba amesema atanipa simu yake ya pili yenye WhatsApp ya kampuni pamoja na neno la siri la barua pepe, na wageni wanatuma kopi za pasipoti humo humo. Mnafanyaje nyie?

Mwalimu_Tengeru
Simu yake abaki nayo. WhatsApp inaruhusu kuunganisha mpaka vifaa vinne kwenye akaunti moja, laptopu yako inaonyesha ile alama ya mraba (QR), yeye anaiskani kwa simu yake, wewe unafanyia kazi kwenye laptopu, siku mkiachana anakutoa kwa kubonyeza mara moja. Gmail pia kuna sehemu ya kumpa mtu mwingine ruhusa ya kusoma na kujibu bila kumpa neno la siri, mkalishe mfanye pamoja, dakika kumi tu. Ukikaa na maneno ya siri ya mtu siku kikipotea chochote wa kwanza kuangaliwa ni wewe.

Pasipoti usizihifadhi kwenye simu yako wala usizirushe kwenye grupu la madereva, hilo nimeliona sana hapa mjini na linaniumiza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, yule ni mtu amekuamini. Dereva anahitaji jina, saa na namba ya ndege, basi. Pasipoti inaingia kwenye faili moja la kampuni, safari ikiisha mkumbushe bosi ifutwe.

Lingine, huyo wa Arusha mwandikie ankara kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kupanga bei kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani ya nchi, nimeona wasaidizi wanamwandikia mteja wa mtaa wa Sakina, Arusha, kwa dola kisa yeye anapokea dola.

Na kwenye WhatsApp ya biashara tengeneza majibu ya haraka mapema, ukiandika mkwaju (/) unachagua, bei za Machame siku 7, vitu vya kubeba, malipo. Weka na lebo, "anasubiri bei", "kalipa advansi", "yuko njiani". Nusu ya kazi ya siku inaishia hapo.

MamaSakina
Marahaba mwanangu. Hilo la kuchukua zote hawajakujibu. Unaweza, kama baba atakubali umpe asubuhi tu. Akitaka uwe hewani kutwa na mama wa New York anaanza saa 10 jioni, utakuwa na kazi kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 6 usiku, na dada wa Memorial utamuweka wapi? Huyo ndiye alikuamini kabla hujawa na mteja hata mmoja, usimwache aone meseji za wateja wake zimekaa siku mbili.

BintiRau
Nimelala nalo nimeamka nalo. Mama wa New York amejibu, anataka nusu saa ya pamoja Jumatatu na Alhamisi, saa 11 jioni ya kwetu, nyingine nijipangie, kwa hiyo huyo nimemkubali. Baba nimemwandikia hivi, naweka hapa mnikosoe:

"Shikamoo baba. Nimefurahi kupata nafasi ya kufanya kazi na wewe. Naomba niwe natoa masaa manne kwa siku, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, Jumatatu mpaka Jumamosi, kwa hiyo laki tatu na nusu uliyosema. Barua pepe zote za usiku utazikuta zimejibiwa kabla ya saa 4 asubuhi. Dharura ya mgeni aliye njiani nipigie muda wowote. Aprili na Mei tukubaliane mapema kiasi chake, tuandike."

Amenipigia baada ya dakika tano. Asubuhi amekubali, ya Aprili amesema tukae tuongee, ila anataka kuanzia Julai mpaka Septemba niongeze na Jumapili kwa hela ile ile.

Lemosho_boy
Jumapili iwe na bei yake dada, na uiandike kabla hajakutumia mgeni wa kwanza.