Mama anabadilishwa goti Jumatatu: nimnyoe mguu au niache?

BintiMkubwa:
Wakuu, shikamooni mnaostahili. Mama yangu, miaka 71 na ana kisukari, anawekewa goti bandia Jumatatu. Amepewa chupa ya sabuni ya rangi ya waridi ya kuua vijidudu, klorheksidini asilimia 4, aoge nayo Jumapili jioni na tena asubuhi ya upasuaji. Povu lenyewe la kutafuta. Sasa ameshikilia nimnyoe mguu kwa wembe kwanza, eti daktari asikute vinyweleo. Mimi nasita. Na mafuta je? Ngozi yake ikikosa mafuta inapauka kama majivu.

BibiWaWadi:
Weka wembe chini, mwanangu. Nimeuguza wadi ya mifupa miaka 18. Wembe huacha mikwaruzo usiyoiona, na bakteria hujificha humo humo. Ikibidi nywele zitoke, watazipunguza wenyewe kwa mashine siku hiyo.

Aoge kwanza kwa sabuni ya kawaida, asuuze vizuri kabisa, maana mabaki yake huidhoofisha klorheksidini. Kisha hiyo ya waridi, shingoni kwenda chini. Usoni, masikioni na sehemu za siri isifike. Asisugue goti kwa dodoki! Taulo, nguo na shuka ziwe zimefuliwa. Mafuta, poda, manukato: hakuna. Apauke tu, ni siku moja.

Hatufanyi ukali bure. Kiungo bandia hakina damu ndani yake. Bakteria wakikifikia hujijengea utando juu yake, dawa hazipenyi vizuri, na wengine huishia kufunguliwa upya na kutolewa kiungo chote.

NyongaMpya:
Mimi nilirudishwa nyumbani bila kupasuliwa kwa mkwaruzo wa paka kwenye muundi. Nilinuna wiki nzima. Mkague mama leo: katikati ya vidole vya miguu, chini ya matiti, kwenye mikunjo ya tumbo. Ukikuta kidonda au jipu, piga simu, usingoje Jumatatu.

Uliza pia kama amepimwa puani. Karibu mtu 1 kati ya 3 hubeba puani bakteria aitwaye stafilokokasi aureus bila kuumwa chochote. Mimi nilikutwa naye, nikapaka mupirosini, dawa ya kupaka ya kuua bakteria, mara 2 kwa siku, siku 5.

BintiMkubwa:
Nimemkagua. Kisigino kina ufa, na katikati ya vidole viwili ngozi imelowa, inabanduka. Nimewapigia, wanataka kumwona kesho asubuhi. Mama amekasirika, anasema nimemharibia Jumatatu yake. Wembe nimeuficha.