Karakana ya chambo laini nyumbani: maikrowevu, gesi au sufuria ya umeme?

Mwaloni_Juu (Mwanza)
Wakuu, habari za leo. Nina chumba uani kilichokuwa stoo, nataka kiwe karakana ndogo ya kumimina chambo bandia laini, vile vya mkia unaotikisika. Walengwa ni sangara, kwa sisi tunaovua kwa fimbo kwenye miamba. Vya dukani vikifika huku bei imeshapaa, na sangara mmoja mwenye nguvu anaondoka na mkia mzima. Plastisoli, yaani plastiki ya majimaji (PVC iliyochanganywa na kilainishi), nitaagiza. Tulinganishe namna ya kuyeyusha: maikrowevu, jiko la gesi, au sufuria ya umeme yenye koki chini? Na kalibu, yaani umbo la kumiminia, je: plasta ya Paris, silikoni au alumini? Mwenye uzoefu asinifiche.

Fundi_Likoni (Mombasa)
Ndugu yangu, gesi itoe kabisa. Plastisoli ikiwa baridi ni nyeupe kama maziwa. Ikipata joto inaganda mabonge, na ikikaribia nyuzi 175 ndipo inakuwa angavu na kutiririka. Moto wa gesi unashika chini tu, kwa hiyo ya chini inaungua wakati ya juu bado ni mabonge. Ukizidi nyuzi 200 inageuka njano, kisha kahawia, na PVC iliyomo inatoa kloridi ya hidrojeni. Hiyo ikikutana na unyevu wa macho na koo inakuwa asidi.

Maikrowevu inapasha kwa utulivu zaidi, mradi usiiache peke yake. Tumia kikombe cha kioo kinachohimili moto, chenye mpini na mdomo wa kumiminia. Washa dakika moja na ushee, toa, koroga polepole usiingize hewa, rudisha nusu dakika, koroga tena, pima kwa thamometa. Maikrowevu hiyo isirudi tena jikoni kupasha chakula.

Mbuta_Mkubwa (Kisumu)
Fundi, nakuheshimu, lakini huku stima hupotea ukiwa katikati ya kazi. Mimi hutumia gesi, sufuria nzito ya alumini, moto mdogo sana, na mwiko hautoki mkononi. Chambo vilivyoraruka huviyeyusha upya hivyo hivyo, na mbuta, ndiye sangara wenu, hajawahi kuuliza vilipikwa wapi.

Fundi_Likoni (Mombasa)
Uwezekano upo, sikatai. Ninachohofia ni moto ulio wazi chini ya kitu chenye mafuta. Ikipitiliza joto, mvuke wake unaweza kulipuka moto. Ukishikilia gesi, fanya nje kabisa, uwe na mfuniko wa chuma wa kufunika sufuria, na maji yawe mbali. Tone moja la maji ndani ya plastisoli ya moto linaruka na kukubandika usoni. Stima ikipotea nawe una maikrowevu, kikombe kinapoa tu, unakipasha upya ikirudi. Ila kila ukirudia kupasha ongeza kidogo ile dawa ya kuzuia kuungua, maana rangi inachoka.

Bi_Chewa (Tanga)
Mnabishana jiko wakati mwenzenu ametaja stoo. Hiyo stoo ina madirisha mangapi? Hapo ndipo pa kuanzia. Weka feni inayovuta hewa kuitoa nje, ikae karibu na unapomiminia, na upande wa pili kuwe na uwazi hewa safi iingie. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii gesi hata kidogo. Inatakiwa ile ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali na gesi za asidi. Miwani, glovu za ngozi, mikono mirefu. Watoto wasikanyage humo.

Kuhusu kalibu, naisifu plasta kwa sababu moja: unajaribu umbo bila kumtegemea mtu. Nilichonga kisamaki cha mti, nikakizamisha nusu kwenye plasta, nikaiacha ikauke juani siku kadhaa, kisha nikaipaka gundi ya mbao iliyolainishwa kwa maji, tabaka nyembambanyembamba. Usipoipaka, chambo kinatoka kimefubaa na kinang'ang'ania. Isipokauka vizuri, unyevu unachemka na kukujazia viputo. Kalibu ya wazi inaacha upande mmoja bapa. Kwa mnyoo si tatizo, ila kwa samaki wa mkia unaotikisika bora ya vipande viwili.

Mpwa_wa_Ziwa (Minnesota, Marekani)
Shikamooni wakubwa. Huku kazi hii ina historia ndefu: Nick Creme, fundi mitambo wa Akron, Ohio, alianza kupika minyoo ya plastiki jikoni kwake mwaka 1949. Kwa hiyo stoo inatosha, Bi Chewa akiridhika na hewa yake.

Sufuria ya umeme yenye koki ni ya mtu anayemimina kwa lita. Kwa kuanza ni kubwa mno, na plastisoli inakaa kwenye joto muda mrefu bila sababu. Tena usiagize huku bila kuangalia: zetu ni za volti 120, na kwenu ni 230.

Alumini ni nzuri sana ukishajua umbo unalotaka. Inapoza haraka na chambo kinatoka kinang'aa. Unasukumia plastisoli kwa bomba kama la sindano, na ukishajaza shikilia mgandamizo sekunde chache, kwa sababu ikipoa inasinyaa na kuacha vishimo. Ipashe kalibu joto kwanza, la sivyo vya mwanzo vinatoka na makunyanzi. Silikoni inanakili hata magamba, ila inakaa na joto muda mrefu, unasubiri sana.

Mwaloni_Juu (Mwanza)
Asanteni sana. Basi nafungua ukuta kwanza niweke feni. Kisha maikrowevu, plasta kwa kujaribu umbo la furu na la dagaa, na nikipata linalopigwa na sangara natafuta alumini. Je, nichanganye chumvi? Na nikishamimina nahifadhi wapi?

Bi_Chewa (Tanga)
Chumvi inaongeza uzito chambo kizame haraka, lakini inakifanya kiraruke upesi. Kwa meno ya sangara, iache. Agiza plastisoli ngumu, ile ya uvuvi wa baharini. Vikitoka kwenye kalibu vilaze vimenyooka mpaka kesho yake, maana mkia ukipoa umepinda unabaki hivyo hivyo.

Fundi_Likoni (Mombasa)
Hifadhi kwenye mifuko ya polithini, kila rangi na mfuko wake, maana rangi zinahamiana. Epuka makopo ya plastiki ngumu inayovunjika kama kioo, kilainishi kinayatafuna. Wala usivichanganye na vile vya kunyumbulika sana vya TPE (aina nyingine ya plastiki, kama mpira), vitayeyukiana. Na vilivyoraruka usivitupe ziwani, rudi navyo uyeyushe upya.

Mbuta_Mkubwa (Kisumu)
Ukipata umbo la furu linalopigwa, tuwekee picha ya kalibu hapa. Nitakuletea plasta mwenyewe.