Tupeane uzoefu: kupanda Burj Khalifa ukipita Dubai

mzigo_deira
Wadau, kila wiki kuna mtu anapita Dubai, huyu kafuata mzigo Deira, mtaa wa masoko, yule anaunganisha ndege, na wote wanaulizia mnara wa Burj Khalifa. Wanajibiwa "nenda, ni pazuri," basi. Anayejua saa, mlango na tiketi aandike hapa.

pwani_mpaka_ghuba
Naanza na viza, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda hatoki uwanjani bila viza. Kuna viza ya mapito ya saa 48 na ya saa 96, na inaombwa kupitia shirika la ndege la huko kabla hujaondoka nyumbani. Ukisubiri mpaka utue, utaishia kuutazama mnara kwa dirisha la ndege.

laini_nyekundu
Njia ni rahisi. Kituo cha metro kiko Terminal 3 penyewe, Laini Nyekundu. Usipande treni inayoelekea Centrepoint, panda ya upande wa pili, ushuke kituo cha Burj Khalifa/Dubai Mall. Kutoka hapo kuna daraja refu lenye kiyoyozi mpaka ndani ya maduka. Wengi wanakosea hesabu hapa: wanadhani wakishuka treni wamefika. Daraja peke yake ni kama robo saa kwa miguu, halafu kuna kulitafuta lango la mnara, ambalo liko ghorofa ya chini (LG) ndani ya Dubai Mall. Weka nusu saa nzima kutoka kituoni hadi langoni.

mama_wawili
Nusu saa kwa mtu mzima. Ukiwa na watoto ongeza.

lenzi_na_kioo
Mimi nasema ghorofa unayopanda kutazama mji, 124 au 148, si jambo kubwa, jambo ni saa na hewa. Juni hadi Agosti vumbi na ukungu wa joto vinameza kila kitu, hata visiwa vya The World vilivyo karibu na pwani huvioni vizuri. Novemba hadi Machi ndiyo miezi yenyewe, hasa siku moja baada ya mvua. Ila Desemba na Januari kuna asubuhi zenye ukungu mzito, kwa hiyo usinunue tiketi ya mapema bila kuangalia utabiri.

Kuhusu jua: bahari iko kaskazini-magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni ukiitazama bahari, rangi zinatoka safi. Alasiri jua linakupiga usoni. Machweo ya Desemba ni kama saa 11 na nusu jioni na jua linazamia upande wa kisiwa cha Palm Jumeirah. Katikati ya Juni ni kama saa 1 na dakika 10 usiku, na linazamia baharini kabisa. Tiketi ina saa yake ya kuingia. Chagua saa moja na nusu kabla ya machweo, kwa sababu ukaguzi wa mizigo na foleni ya lifti vinakula muda. Stendi ya kamera hairuhusiwi. Bandika lenzi kwenye kioo na ufunike pembeni kwa kitambaa cheusi, taa za ndani zisiingie kwenye picha. Au toka kwenye roshani ya nje ya ghorofa ya 124, kati ya vioo kuna nafasi za kupitisha lenzi.

ghorofa_148
Ghorofa si jambo kubwa? Ndugu, 124 iko mita 452, na 148 iko mita 555. Mita mia nzima! Na kule juu watu ni wachache, unapewa na vinywaji.

lenzi_na_kioo
Na bei inazidi maradufu. Mita mia zile hazikuonyeshi mji mwingine, ni magari tu yanazidi kuwa madogo. Hewa ikiwa chafu, 148 nayo ni chafu.

ghorofa_148
Anayetaka utulivu atalipa. Usimkatishe mtu tamaa. Tena mwenye tiketi ya 148 akishuka anapitia 125 na 124 pia.

mzigo_deira
Jamani, zile lifti zimewahi kukwama?

jirani_wa_mnara
Ndiyo, Februari 2010, mwezi mmoja baada ya mnara kufunguliwa tarehe 4 Januari. Lifti ilisimama katikati ya ghorofa karibu kabisa na juu. Waliokuwa roshani walisikia kishindo na kuona vumbi wakadhani ni moshi. Watu 15 walikaa ndani kama dakika 45 mpaka milango ikafunguliwa na ngazi ikateremshwa watoke. Roshani ikafungwa, ikafunguliwa tena Aprili.

mama_wawili
Ya Rabi! Mimi nabaki chini na watoto.

pwani_mpaka_ghuba
Dada, ni zaidi ya miaka 15 sasa. Safari ya kupanda ni kama dakika moja. Masikio yanaziba, meza mate yanazibuka.

mama_wawili
Mwenye hofu ya lifti asilazimishwe. Ile chemchemi ya maji yanayorushwa kwa muziki mbele ya mnara inapendeza zaidi ukiwa chini, juu muziki wake haufiki.

laini_nyekundu
Tatizo kubwa wala si kukwama, ni foleni ya kushuka. Walioingia saa tofauti wote wanangoja machweo, giza likiingia wanataka kushuka kwa pamoja, na lifti zilezile zinapandisha waliokata tiketi za usiku. Kusubiri nusu saa hadi saa nzima ni kawaida. Nenda chooni kabla ya kupanda. Mwenye ndege ya usiku apande asubuhi, bei nayo ni nafuu kuliko ya machweo.

futari_juu
Kwa wafungaji: Ramadhani msifuturu kwa adhana ya chini. Juu jua linachelewa kuzama. Mamlaka ya dini ya Dubai ilisema mwaka 2011 kwamba walio ghorofa ya 80 hadi 150 wasubiri dakika 2 zaidi, na walio juu ya 150 dakika 3.

ghorofa_148
Kwa hiyo mimi wa 148 nasubiri 3?

futari_juu
Mbili, sawa na wa 124. Na anayekaa huko alfajiri ajizuie mapema zaidi ya walio chini.

laini_nyekundu
Nimesahau: kwenye metro usile, usinywe, usitafune jojo, faini ni dirhamu 100. Na wanaume, behewa la wanawake mliache.