Ceruledge yumo ndani ya kadi niliyoilipia, kwa nini naambiwa nikanunue kadi ya pili?

Wana jukwaa, nimekaa na hasira hii wiki mbili na leo naitoa. Mimi niko Arua. Anayecheza Pokémon, gemu ya kukamata na kukusanya viumbe, huku West Nile atanielewa kabla sijamaliza. Ninyi wa Kampala mnaokutana kila wikendi na konsoli zenu, nawaomba msome mpaka mwisho kabla ya kunijibu "si utafute mtu wa kubadilishana naye".

Kadi ya Pokémon Scarlet, yaani kadi ya gemu inayochomekwa kwenye konsoli ya Nintendo Switch, niliiagiza kutoka Kampala. Kadi tupu, bila boksi, shilingi 230,000, na juu yake nauli ya kifurushi kwenye basi. Kabla ya kutuma pesa nilimuuliza muuzaji waziwazi: naona kuna Scarlet na kuna Violet, zinatofautiana nini? Akanijibu kwamba hiyo ni gemu moja, tofauti ni rangi na yule mnyama wa kupanda, basi. Nikamwamini. Gemu yenyewe ilikuwa ya mpwa wangu, yuko P.6, darasa la sita, na mwaka mzima daftari zake zimejaa michoro ya Ceruledge, yule askari wa zambarau mwenye mapanga ya moto badala ya mikono. Nilimwahidi kwamba likizo ikifika atampata kwa juhudi zake mwenyewe.

Likizo ikafika. Tukamkamata Charcadet, ambaye ndiye hugeuka kuwa Ceruledge. Charcadet anapatikana kwenye kadi zote mbili, kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi wowote. Kilichobaki ni vazi la vita, na vazi unapewa na mtu mmoja anayesimama katika mji wa Zapapico. Mtu huyo akatutaka vipande 10 vya Bronzor. Tukatoka kuwinda Bronzor jioni nzima. Mtoto hakutaka hata kuitwa mezani. Umeme ukakatika, tukamalizia kwa betri huku tunaangalia asilimia zinavyoshuka. Tukarudi Zapapico na vipande vyetu 10, tukapewa vazi, tukamvalisha Charcadet, mtoto akasimama kabisa kwa furaha. Aliyetokea ni Armarouge.

Armarouge! Mwekundu, mwenye mizinga mikononi. Sina ugomvi naye, ila siye tuliyemhangaikia. Ndipo nikaingia intaneti na kujua kwamba kwenye Scarlet mtu yule hutoa vazi moja tu. Kwenye Violet mtu yuleyule, palepale aliposimama, anataka vipande vya Sinistea, na anatoa vazi lile jingine. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, tumekosea wapi?" Banange, nimjibu nini? Hatukukosea popote. Tulifanya kila kitu sawasawa ndani ya kadi ambayo haikuwa na nia ya kutupa tulichokuwa tunakitafuta.

Sasa nieleze kinachonichoma hasa, kwa sababu wengi hawajakifikiria. Ceruledge yumo ndani ya kadi yangu. Leo mwenye Violet akikaa pembeni yangu na konsoli yake akanipa Ceruledge wake, hapohapo, bila intaneti, bila kupakua chochote, atatokea kwangu mzima: umbo lake, mlio wake, mashambulizi yake yote. Vimetoka wapi vitu hivyo? Vilikuwa humohumo tangu siku niliyotuma pesa. Yaani nimelipia nyumba nzima, chumba kimoja kimefungwa, na ufunguo amepewa mtu wa mtaa mwingine ambaye naye kuna chumba chake kimefungwa na ufunguo ninao mimi. Na wote wawili tumelipa bei ileile!

Wala si Ceruledge peke yake. Bagon yuko Violet. Dreepy yuko Violet. Misdreavus, Iron Valiant, wote huko. Mimi huku nina Larvitar, Deino, Drifloon na Roaring Moon ambao mwenzangu wa Violet anawalilia. Pokédex ya Paldea, yaani orodha ya viumbe wa nchi ya gemu hii, ina Pokémon 400, na ukiijaza unapewa ile hirizi inayokuongezea bahati ya kukutana na wale wenye rangi za kipekee. Kwa kadi moja, ukiwa peke yako, huijazi hata ucheze miaka kumi. Kuhusu Koraidon na Miraidon, wale wanyama wa kupanda, silalamiki. Hao wamechorwa juu ya gemu, unaona unachochagua. Mwalimu Sada upande huu na Turo upande ule, hiyo pia ni hadithi tu, haininyimi kitu. Ninachokikataa ni kile kinachofichwa mpaka umeshalipa na umeshatoka jasho.

Na historia naifahamu. Gemu za kwanza, Red na Green, zilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996, za Game Boy, konsoli ndogo ya mkononi. Satoshi Tajiri, aliyebuni Pokémon, ambaye utotoni alikuwa mkusanyaji wa wadudu, aliutazama waya unaounganisha Game Boy mbili akawaza wadudu wakitembea ndani yake kutoka kwa mtoto huyu kwenda kwa yule. Mwenye Red alikuwa na Growlithe, mwenye Green alikuwa na Vulpix, ili watoto watafutane, wakae pamoja, wapatane. Wazo lile ni zuri na ninaliheshimu kwa moyo wote. Lakini lilihitaji uwanja wa shule ambao watoto wengi wana Game Boy mfukoni. Darasani kwa mpwa wangu hakuna mtoto mwingine mwenye konsoli. Hakuna hata mmoja. Mimi mwenyewe nimeuliza maduka yote ya simu ninayoyajua hapa mjini, na nimeuliza vijana wa vibanda vya PlayStation. Wananitazama kama naulizia mtu aliyehama. Mtoto wangu huyu akatafutane na nani?

Waya ule wa zamani uliununua mara moja ukawa wako. Leo kubadilishana na mtu wa mbali kunataka uanachama wa kulipia, dola 19.99 kwa mwaka. Dola hizo utazilipa kwa kadi ya benki, maana mobile money haipokelewi. Duka la mtandaoni la konsoli halina Uganda kwenye orodha yake, hivyo inabidi uiambie akaunti yako kwamba unaishi nchi nyingine, jambo ambalo sipendi kumfundisha mtoto. Ukishafika hapo bado una bando la kununua, na bando letu tangu Julai 2021 lina kodi ya asilimia 12 juu yake. Mtu ataniambia Pokémon HOME ya kwenye simu, programu ya kuhifadhi na kubadilishana Pokémon, ni ya bure. Ndiyo, ni ya bure, lakini kumtoa Pokémon kwenye kadi kumpeleka HOME kunahitaji programu iliyo kwenye konsoli, na programu hiyo inapakuliwa kutoka duka lilelile lisilotutambua.

Nilifunga safari. Ndiyo, nilipanda basi la usiku, karibu kilomita 500, nilikuwa na mzigo wa kuchukua Kampala nikasema nimalize na hili. Nikapatana na kijana mwenye Violet tukutane Wandegeya. Tumekaa, konsoli tumeziwasha, tumeshaonana kwenye skrini, ndipo ananiambia kila Pokémon wa Violet ni shilingi 20,000, na Ceruledge ni 40,000 kwa sababu anatafutwa sana. Nilikuwa nimembebea Larvitar na Deino, wa bure kabisa, nikidhani tunabadilishana kama watu. Nikafunga konsoli yangu nikaondoka. Simtaji, naye si wa kwanza, nasikia wako kadhaa wanaofanya biashara hiyo. Mnawauzia watoto kitu ambacho kimo tayari ndani ya kadi zao! Hamuoni aibu?

Na hebu mtu asiniambie "nunua zote mbili". Marekani zilitoka Novemba 2022 kwa dola 59.99 kila moja. Zidisha kwa mbili, geuza iwe shilingi, ongeza nauli na faida ya kila mkono iliyopitia, halafu uniambie ni mzazi gani wa Arua atakayelipa hizo kwa gemu ileile mara mbili kwa ajili ya vazi moja.

Tena wanaweza kufanya vingine, walishafanya. Mwaka huohuo 2022, mwezi Januari, ilitoka gemu nyingine ya Pokémon, Legends: Arceus. Kadi moja, haina pacha, karibu kila kiumbe unamfikia mwenyewe. Hata Haunter, ambaye siku zote lazima umpeleke kwa mtu mwingine ndipo awe Gengar, mle ndani kuna kamba maalumu unayompa na anageuka hapohapo mikononi mwako. Watu waliipenda. Miezi kumi baadaye inakuja Scarlet, kamba imeondolewa na mageti yamerudi. Ninachotaka ni kidogo: mtu akishamaliza hadithi yote, yule wa Zapapico atoe vazi la pili. Adai vipande 50 vya Bronzor, adai 100, tutavitafuta.

Kwa wauzaji wa kadi mlioko humu: mteja akiuliza tofauti, mwambieni ukweli, mpeni orodha. Ni dakika tano.

Na kama kuna mwenye Violet hapa Arua, au Koboko, Nebbi, Yumbe, tafadhali jitokeze kwenye uzi huu. Simhitaji hata Ceruledge wako. Shikisha lile vazi Pokémon yeyote wa kawaida, mtume kwangu, nalitoa vazi, nakurudishia Pokémon wako papohapo, ili mtoto amgeuze Charcadet wake aliyemkamata mwenyewe. Larvitar ninao watatu wa ziada na Drifloon wawili, chukua unaowataka, sitaki shilingi. Jumamosi yoyote mchana, tukutane mahali pa wazi mjini, mimi nitakuja na mpwa wangu na chaja mbili. Shule zinafunguliwa wiki tatu zijazo.